Fosi Iko Ng'ambo, Sisi Tuko Huku

Risala ya madobi wa Kivuko cha Chini, mto Sebeya, Rugerero, kwa Bwana Mkaguzi wa Afya wa Teritwari ya Gisenyi, mwaka 1956

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Afya; Bwana Sushefu, mtawala wetu wa vilima hivi; imamu wetu; wazee, akina mama, na ninyi mliopita njia mkasimama kutazama:

KARIBU KWETU

Mgeni rasmi, karibu. Tunajua ya kwamba safari yako si ya kwetu. Umekuja kufungua fosi ya wenzetu wa Ng'ambo, yale mashimo ya kusafishia maji ya kufulia, na sisi umetupitia tu, kwa sababu mwenyekiti wetu, Mzee Kadiri, alikwenda kukaa kwenye baraza ya ofisi yako mpaka ukachoka kumwona. Hata hivyo karibu. Umeacha gari sokoni ukashuka kwa miguu mpaka huku, na jambo hilo tumeliona na tumelipenda.

Kiti ulichokalia tumekiazima kwa fundi cherehani. Shuka iliyokifunika ni ya kazi yetu, imefuliwa hapa hapa chini ya miguu yako, na tunaomba uishike kidogo kwa vidole. Ukivuka utaketi kwenye kiti chenye mto, na meza yako itakuwa na maua. Tumeyaona wakiyapanga tangu asubuhi. Shuka ya meza ile ukiishika utaikuta ngumu kwenye pindo. Wanazidisha wanga. Lakini hatukukuita hapa ili tuseme watu.

Neno moja kabla ya kuendelea. Risala hii ilipokuwa inaandikwa, imamu wetu alishauri tuseme tuna masikitiko. Mwingine akaona bora tuseme manung'uniko. Ndipo Mama Saidati, mkubwa wa wanawake wanaofua hapa, akaweka chini beseni lake akasema: "Andika wivu, Dauda. Mi niko na wivu, we uko na wivu, na ule mwenye kusema masikitiko, ye iko na wivu kutupita sisi wote." Basi mimi Dauda, katibu wa chama, nimeandika wivu, na mpaka leo hakuna aliyenikataza.

SISI NI NANI

Sisi ni watoto wa watu waliokuja huku na misafara ya biashara. Misafara iliporudi, wazee wetu walibaki. Wengine walibaki kwa sababu ya wake waliooa kwenye vilima hivi, wengine kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Hawakuwa na shamba wala ng'ombe. Walikuwa na sabuni, na walijua kufua kanzu ikatoka nyeupe, na kazi hiyo wakaifanya kwa kila mkubwa aliyepita hapa, mmoja baada ya mwingine. Wakubwa wamebadilika, nguo zao zote zimepita kwenye mawe haya.

Wenzetu wa Ng'ambo hawakuwa madobi. Tunalisema hilo bila ubaya. Walikuwa wakulima wa maharage na viazi, na wanaume wao wengine wakishuka ziwani kuvua. Walianza kufua juzi tu, hoteli za kando ya ziwa zilipokuwa nyingi na mashuka yakatuzidi. Sisi wenyewe ndio tuliowapa kazi ya kwanza. Mama Donatha, ambaye leo atakukabidhi mkasi wa kukatia utepe, alijifunzia kupima buluu ya kung'arishia nyeupe kwenye beseni la Mama Saidati, na siku ya kwanza aliitia nyingi mno, foronya za hoteli zikatoka rangi ya anga. Tulicheka, tukamsaidia kuzifua upya. Angekumbuka na hilo pia leo, tungefurahi.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, usidhani sisi ni watu wa kutupa uchafu ovyo mtoni. Kivuko hiki kina utaratibu wake tangu zamani. Anayefua nyeupe anakaa jiwe la juu. Wa nguo za rangi anafuata chini yake. Chini zaidi yupo mwenye buluu, na mwisho kabisa yule anayefua nguo za madereva na mafundi wa magari, zenye mafuta. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaketi jiwe analopenda. Hata Mzee Kadiri, siku akileta ovaroli ya mwanawe, anashuka chini kama watu wengine, na hatumwonei aibu kumwambia.

Maji ya wanga hatuyamwagi mtoni, maana yanachacha na kunuka. Tunayapeleka kwenye migomba. Sabuni ikibaki jiweni inakwanguliwa. Kwa kazi hiyo tumefua mashuka ya hoteli, mapazia ya mabwana, na nguo za mapadri za misa pia, ingawa sisi ni watu wa msikiti. Hakuna siku tuliyoambiwa ya kwamba kitambaa kimepotea. Wa Ng'ambo walipoteza vitambaa vya meza vya harusi, vikachukuliwa na maji mpaka ziwani. Tumeahidi kutosema watu, basi tunaishia hapo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye fosi yenyewe.

Ulipoamua ya kwamba maji ya madobi yasafishwe kabla ya kurudi mtoni, kwa sababu ya watu wanaochota huko chini, sisi tuliona ni uamuzi mzuri. Tukasema, fosi itajengwa kwetu, maana sisi ndio wa kwanza. Tukafyeka na mahali pake. Karani wako akaja kutazama. Akaja siku ya Ijumaa, adhuhuri.

Mgeni rasmi, Ijumaa adhuhuri hapa hakuna mtu. Hata mbwa wa Mzee Kadiri anajua. Tulikuwa msikitini, sisi sote, tumeacha mabeseni yamefunikwa. Karani alisimama pale ulipoweka fimbo yako, akatazama mawe makavu, akaandika ya kwamba kivuko hiki hakitumiki sana. Kisha akavuka ubao huu uliolazwa juu ya mto akawakuta wenzetu wamejaa mtoni, wanapiga nguo, wanaimba, wamemwekea na kigoda akalishwa mahindi ya kuchoma. Angekuja Jumapili asubuhi angekuta kwao patupu, wako kanisani, na huku kwetu angekuta kazi inachemka. Lakini alikuja Ijumaa, na kwa hiyo Ijumaa moja fosi iko ng'ambo na sisi tuko huku.

Tumeitazama ikijengwa, kila siku, tukiwa tumeinama na nguo mikononi. Tumeona saruji ikishushwa. Tumeona shimo la kwanza, ambalo maji yanatulia humo na povu na mafuta yanabaki juu yakaenguliwa. Tumeona la pili, lenye kokoto na mchanga, na la tatu, lililopandwa matete, na mfereji mdogo unaorudisha maji mtoni yakiwa meupe kabisa. Wamepanda na maua pembeni. Watu wanatoka mpaka Kanzenze na Bugeshi kuja kuyaangalia maji machafu ya wenzetu, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini, na wakirudi wanapita hapa kwetu bila kusimama. Hilo lilituuma kuliko saruji.

KILICHOTUPATA

Tukasema, na sisi tutachimba yetu.

Tulimpata Mbonigaba, shemeji wa Mzee Kadiri, aliyekuwa kibarua kwenye ile ya Ng'ambo. Alijua mashimo yalivyofuatana, akatupimia kwa kamba. Tulipomuuliza kuhusu saruji waliyoisiliba chini na kando, alisema: "Ile ni mapambo tu. Muzungu anapenda kitu inang'aa." Tulimwamini, kwa sababu tulitaka kumwamini. Saruji hatukuwa nayo. Tukasema sisi si watu wa mapambo, ila yetu tutaichimba iende chini kuliko yao, ili wajue.

Ardhi ya huku, juu ni udongo, chini ni makoro, yale mawe meusi ya moto wa volkeno, yenye matundu na nyufa. Wao, kwa shimo lao fupi, hawakuyafikia. Sisi tuliyafikia na tukaendelea, tukayavunja kwa nyundo, tukiimba. Tukatia maji ya siku ya kwanza, sabuni, buluu, mafuta na vyote. Jioni tukaja kuangalia, shimo likawa kavu. Siku ya pili vile vile. Shimo la pili halikuona maji, la tatu ndiyo kabisa, matete yake yakakauka.

Mgeni rasmi, tulifurahi. Tulishangilia. Fosi ya Ng'ambo ilikuwa inajaa, wanaichota tope kwa ndoo, wananuka mpaka viwiko, na yetu ilikuwa inakunywa maji yote na haitoi hata tone. Tuliita watu waje kuona. Tulipeleka habari sokoni. Mzee Kadiri alisimama pale kwenye ubao akawapigia wa Ng'ambo kelele: "Yenu inakojoa, yetu inakunywa." Imamu aliomba sentensi hiyo iondolewe, lakini ilikwisha kusikika vilima vyote, na afadhali uisikie kwetu.

Katika siku hizo hizo Mama Donatha alivuka. Alikuja peke yake, amejifunga kitenge kizuri, akaamkia wazee wetu kwa mikono miwili. Alisema: "Bon, wazee wangu, mi nimetumwa na wenzangu. Fosi ile ni kubwa, sisi hatuijazi. Mawe ya upande wa chini iko wazi, hakuna mutu anayakalia. Mukuje mufulie kule, tupange zamu. Kazi ni moja." Akamgeukia Mama Saidati akamwambia, "Mama, na we ukuje. Nani alinifundisha buluu?"

Tukamjibu ya kwamba tuna fosi yetu. Mama Saidati aliinamia beseni lake akaendelea kusuuza. Sisi wengine tulisema, na tulisema mengi, na mmoja wetu alimuuliza kama amekuja kutualika au kuiba siri ya shimo letu. Alitutazama, akatuaga kwa adabu ile ile, akarudi. Ubao ule hajaukanyaga tena.

Halafu mvua ndogo zikanyesha.

Chini ya mteremko huu, karibu na migomba unayoiona, kuna chemchemi. Maji yake yanatoka kwenye makoro, baridi, matamu, na ndiyo yanayonywewa na nyumba zetu zote, na nyumba nyingi za Ng'ambo, maana kwao hakuna chemchemi. Asubuhi moja Mama Saidati aliteka maji ya uji wa wajukuu. Aliona povu kwenye mdomo wa ndoo, akadhani ndoo haikusuuzwa. Akateka tena. Alipomimina kwenye sufuria nyeupe, maji yalikuwa na buluu. Si nyingi. Mtu mwingine asingeiona, lakini yule mama ameipima buluu maisha yake yote, akajua ni ya kwetu, na akajua imepita wapi.

Alikuja hapa na ile sufuria kichwani. Aliiweka chini mbele ya Mzee Kadiri akasema, "Fosi yako hii. Kunywa."

Shimo letu halikuwa linakunywa maji. Lilikuwa linayapitisha kwenye nyufa za mawe na kuyatoa kwenye chemchemi yetu wenyewe. Tulikuwa tunawanywesha watoto wetu maji ya mashuka ya hoteli na ya ovaroli za madereva, na huku tunayatangaza sokoni. Watoto waliumwa tumbo, wa kwetu na wa Ng'ambo, na mjukuu mdogo wa Mama Saidati alilazwa kwa masista akakonda mpaka tukaogopa. Sasa amepona, anakimbia, ndiye yule anayevuta kamba ya bendera. Tunamshukuru Mungu, na masista pia.

Tulilifukia shimo siku hiyo hiyo, kabla ya Bwana Sushefu kutuamuru. Chemchemi imesafika, umeyanywa maji yake ulipofika, na ulisema ni mazuri. Lakini amri imekwisha somwa sokoni: mvua za masika zikianza, asiye na fosi hafui mtoni. Hoteli nazo zimeambiwa. Tayari gari la mashuka linapita barabara ya Ng'ambo. Hapa tumebakiwa na nguo za jirani na za msikiti, na mawe mengine ya juu, ya nyeupe, hayajaloa kwa muda mrefu. Mtu anakuja asubuhi, anakaa jiweni kwake na beseni tupu, kwa sababu nyumbani ataambiwa nini.

Na bado tuna wivu, Mgeni rasmi. Ungedhani kosa lile lingetuondolea. Limeuzidisha. Zamani tuliona wivu kwa sababu wana fosi. Sasa tunaona wivu kwa sababu wana fosi, na mashuka yetu, na hata haki ya kutuchukia, na hawaitumii.

TUNACHOOMBA

La kwanza, tunaomba saruji, ili tujenge fosi kama ile, mahali penye udongo, kwa kusimamiwa na mtu anayejua saruji ni ya nini. Bwana Sushefu ametuambia mwaka huu hakuna. Tumeliandika hata hivyo, kwa sababu risala bila ombi la saruji watu wangesema hatukuandika risala.

La pili, tunaomba karani wako asitumwe tena kwetu siku ya Ijumaa.

La tatu ni hili la mwisho. Mzee Kadiri hakutaka lisomwe. Tumebishana naye mpaka akakubali, kwa sharti ya kwamba likisomwa yeye atakuwa anatazama upande mwingine. Sasa anatazama upande mwingine, kwa hiyo nalisoma.

Ukitoka hapa utavuka ubao. Kule utampata Mama Donatha, mwenye kitambaa cha njano kichwani. Unaweza kumwona kutoka hapa, anayewapanga watoto mstari. Mto unapiga kelele, hawasikii tunayosema. Tunaomba, ukishakata utepe wao, umwite kando. Usiliseme mbele ya watu. Umwambie, kwa kinywa chako na si cha karani, ya kwamba yale mawe ya upande wa chini, madobi wa Kivuko cha Chini wanayataka. Tutakaa chini yao wote, mahali pa mafuta. Zamu ya kuchota tope tutaichukua sisi. Mama Saidati anasema yeye ataanza, na hakuna aliyemuomba.

Tungevuka wenyewe. Ubao ni huu hapa, mtoto anauvuka anakimbia. Kila siku mmoja wetu anaamka akisema leo atakwenda, anafika katikati, anakumbuka tulivyomjibu mama wa watu aliyetuamkia kwa mikono miwili, anageuka kana kwamba alikuwa anatazama samaki. Sisi wenyewe tumeshindwa. Ndiyo maana Mzee Kadiri alikaa kwenye baraza yako siku zote zile. Hakukaa kwa ajili ya saruji.

Akikubali, huna haja ya kutuma mtu. Mwambie apunge tu kile kitambaa cha njano, sisi tuko hapa tumesimama, tutakiona, na mabeseni yako tayari.

Na kama mawe yale yamekwisha pata wenyewe, Mgeni rasmi, usirudi kutuambia. Dereva wako amekwisha zungusha gari upande ule. Panda, uende zako salama, na sisi tukilisikia linaondoka na kitambaa hakijapungwa, tutaelewa.

Mungu akuvushe ubao huu bila kuteleza, akupe afya unayoitafutia watu, akurudishe kwako ukute wote wazima. Na wale wa Ng'ambo, awape mema pia. Tumepiga kura, na hilo nalo limepita.

Ni sisi,
Madobi wa Kivuko cha Chini, Rugerero.

Imesomwa na Dauda, katibu, kwa niaba ya Mzee Kadiri, mwenyekiti, anayetazama upande mwingine.